Maji Ilikuwa Wapi

Mbele ya lango la lise, shule ya sekondari, pale barabara ya soko la Kasongo inapoachana na njia ya kushuka chemchemi, kuna ubao mrefu wa kukalia uliopigiliwa misumari juu ya magogo mawili. Nyuma ya ubao kuna mbabula ya makaa, birika jeusi, beseni la kuoshea vikombe, na Mama Léocadie. Kahawa yake ina tangawizi ya kuwasha koo, na wanaoinywa ni walewale kila asubuhi. Yuko Atumani, fundi wa simu, ambaye watu wanamwita Radio kwa sababu akianza kusema hakuna anayejua pa kumzimia. Yuko Antoine, anayetembeza vidonge ndani ya sanduku la kioo. Huyo wanamwita Dokta, naye hajawahi kulikataa jina hilo. Na yuko Jean-Paul wa pikipiki, ambaye hata akikaa mikono yake hujikunja kama imeshika usukani, basi ni Guidon, usukani kwa Kifaransa. Watatu hao wamekwisha kumaliza vita, kupanga serikali na kusuluhisha ndoa za watu, yote juu ya ubao ule. Lakini tangu mwezi wa tano walikuwa na neno moja tu, nalo ni macho ya Aurélie, mtoto wa Léocadie, aliyekuwa akifundisha kemia katika lise. Walilisema mbele ya mama mtu, kwa kuwa mtu anayekumiminia kahawa kila siku mwishowe unamsahau, kama unavyolisahau birika.

Asubuhi hiyo Léocadie hakutaka kutoka. Alitoka kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno. Fidèle, mwalimu mwenzake Aurélie, alikuwa amempigia simu kutoka Kindu, sauti ikikatika-katika.

"Mama, tumetoka Bukavu. Tunakuja nyumbani."

"Na macho?"

Alisikia Fidèle anavuta pumzi.

"La kuume limekufa, mama. La kushoto linaona mwanga. Mwanga tu. Waganga wa hospitali wamesema wamefanya yote."

Hakumwambia mtu. Alilifunga neno hilo kifuani, akaja kuwasha makaa kama kawaida, akasaga tangawizi, akaosha vikombe, na wale watatu wakaja wakakaa.

— Leo wanafika, alisema Guidon. Wenzangu waliwapita jana kwenye njia. Aurélie iko katikati, Fidèle iko nyuma anamushika.

— Anamushika! Radio alitikisa kichwa. Hata mwizi anashikaka mali ya wizi kwa mikono miwili.

— Ndugu, usianze.

— Sikuanza miye. Alianza yeye, siku alifungua ile chupa.

— Chupa alifungua Aurélie, alisema Dokta. Tusiharibu habari. Na miye nimewaambia toka mwanzo, ile ni dawa ya kupita muda. Kila dawa iko na siku yake. Siku ikipita, dawa inakasirika. Amoniake, amoniake… hata jina lake halina amani.

— Dawa ikikasirika inaumiza tumbo, Dokta. Haitoki ndani ya chupa kama nyoka.

— Kwa sababu haikuwa dawa, alisema Guidon, akasogea mbele mpaka ubao ukalia. Sikilizeni. Ile ni maji ya wachimbaji. Nilipelekaka mutu mumoja Kabambare, mununuzi wa dhahabu. Alibeba chupa kwenye mapaja. Njia yote anakohoa, na miye nakohoa, machozi inatoka, nilifikiri ni vumbi. Kumbe ile maji wanatia kipande cha dhahabu ndani, inachemka bila moto, moshi inatoka mwekundu! Sasa, mwalimu Fidèle, kwao ni wapi?

— Ni Kabambare, alisema Radio polepole.

— Munaona?

— Alikuwa anaficha maji ya dhahabu kwenye labo ya shule? aliuliza Dokta.

— Nani anatafutaka dhahabu kwenye shule?

Dokta alifikiri, akanywa, akakubali kwamba hakuna mtu anayetafuta dhahabu kwenye shule. Léocadie alimimina tena. Alikuwa ameshajifunza, tangu mwezi wa tano, kuweka mkono upande mmoja na masikio upande mwingine.

— Ninyi wote mumebaki njiani, alisema Radio. Muniache niwafikishe. Ile chupa haikuwa na maji. Ilikuwa na pumzi. Kuna muzee kule Nyangwe, kwenye mitumbwi, anakamata pumzi ya mutu anayekufa, anaifunga ndani ya chupa, anapiga kizibo. Inakaa humo, inatafuta nafasi. Ukifungua tu, inakimbilia macho, kwa sababu macho haina kufuli. Watoto wa darasa wote waliona! Ilitoka na sauti, *fsss*, kama mutu anayepumua. Sasa jiulizeni. Nani alikuwa anataka kiti cha prefe wa masomo, mukubwa wa shule? Fidèle. Nani shule ilitaka kumupa? Aurélie.

— Lakini alimupeleka mpaka Bukavu, alisema Dokta.

— Ili asiseme! Amemukalia karibu mwezi muzima, nani alisikia neno lake? Tumesikia la Fidèle tu, kwenye simu.

Hapo Guidon aliacha kunywa. Radio akainua kidevu chake kuelekea lango la lise, ambapo vijana wa soko walikuwa wamesimama kikundi, wengine wameegemea ukuta, mmoja akichezea jiwe, analirusha juu na kulidaka.

— Wale hawakuja kusoma, alisema. Wanamungojea ashuke kwenye pikipiki.

Léocadie alikuwa amewaona tangu alipofika. Alijua pia kwamba mlango wa Mama Régina, mama yake Fidèle, ulikuwa umeandikwa kwa makaa neno MUUAJI, ingawa hakuna aliyekufa, na kwamba chikwange za muhogo za mama huyo zilirudi zote kutoka sokoni, zimekauka ndani ya majani yake, hakuna mkono uliozigusa. Alijua, naye hakwenda kumtembelea. Usiku, akilala peke yake kitandani, alikuwa akimtafuta mtu. Hakumtafuta Fidèle hasa. Alitafuta mtu yeyote. Kwa kuwa kama kuna mtu aliyefanya, basi kuna mlango wa kugonga, kuna jina la kulilaani. Lakini kama hakuna, kama mtoto wako ameamka mzima asubuhi, akavaa blauzi yake ya bluu, akaja hapa kunywa kahawa bila sukari, akaingia kazini na kutoka hana macho, na hakuna aliyetaka iwe hivyo, unalia ukielekea wapi?

Ndivyo alivyokuwa akiwaza wakati mwanamke mmoja alipokuja kukaa mwisho wa ubao, akiomba radhi. Alikuwa na mavumbi mpaka kwenye nyusi. Jina lake Julienne, alisema, ametoka Wamaza na magunia ya maharagi. Tairi limepasuka, dereva wake anaziba pale ng'ambo.

— Karibu, mama, alisema Dokta. Kahawa ya hapa inafufua.

Julienne alipokea kikombe kwa mikono miwili. Aliwasikiliza kidogo, kisha akauliza kwa heshima ni nani huyo wanayemzungumza, kama ni mtu wao.

— Ni mutoto wetu, alisema Radio. Mwalimu wa shimi hapa kwenye lise. Alifungua chupa ya amoniake kwa labo, ikamurukia machoni.

— Eh! Pole.

— Tulikuwa hapahapa, alisema Guidon. Tulisikia watoto wanapiga kelele. Tukaona wanatoka wanakohoa, kila mumoja amefunga pua. Halafu Fidèle akatoka naye kwenye mikono, kama anabeba mutoto muchanga. Walikuja mpaka hapa, kwenye huu ubao. Hapa hapa alikaa. Na miye, mama, siku ile sikukaa bure. Niliwasha pikipiki palepale. Niliipiga moto ikanguruma, tayari kumupeleka hospitali.

— Miye nilikimbia nyumbani, alisema Radio. Muke wangu alikuwa na maziwa ya kopo ya mutoto. Nilileta kopo lote. Nilimumwagia miye mwenyewe. Sikuuliza bei, sikuuliza kitu.

— Na miye nilimutia pomade ya macho, alisema Dokta. Mupya, haijafunguliwa. Kuna mama mumoja alileta mawese, akamupaka kope. Kuna pasta alipita, akaomba. Hakuna aliyebaki nyuma, mama. Wote tulisaidia.

— Mulifanya vizuri, alisema Julienne. Aliona aibu kidogo kuendelea, lakini aliendelea, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia. Na maji? Siye, mutoto akiingiwa pilipili kwenye macho, tunakamata maji tu. Maji ilikuwa wapi?



Radio alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu Léocadie amjue, hakikutoka kitu. Guidon aliangalia mikono yake. Dokta ndiye aliyeangalia chini, na macho yake yakaanguka palepale ambapo yasingetaka kuanguka, kwenye beseni la kuoshea vikombe, lililokuwa miguuni pake, limejaa maji ya rangi ya kahawa.

Léocadie naye alikuwa analiangalia. Na siku ile ilimrudia yote, siyo kama walivyoisimulia.

Bomba la lise lilikuwa limekufa tangu msimu wa mvua uliopita. Kila mtu alijua, na kila mtu aliteka chemchemi. Aurélie alikaa pale kwenye ubao, amefunga macho, vidole vyake vinajaribu kuyafikia na Fidèle anamshika asiyasugue. Fidèle alikuwa anapiga kelele neno moja tu. Maji! Leteni maji! Na watu wakafikiri ni yeye mwenye kiu, amekimbia, amebeba. Mtu akamletea maji ya kunywa ndani ya kikombe kidogo. Aliyamwaga yote usoni pa Aurélie, akapiga kelele tena. Birika lilikuwa juu ya makaa linachemka. Bidoni ya maji ilikuwa tupu. Fidèle akainama, akashika beseni hili, akaliinua. Na Dokta akalikamata upande wa pili. Weye mwalimu, iko na kichaa? Ile ni maji ya uchafu, utamutia mikrobi kwenye macho! Walivutana. Dokta ndiye mwenye nguvu. Beseni likamwagika katikati yao, kwenye udongo.

Halafu yakaja maziwa, yakaja mawese, ikaja pomade, yakaja maombi. Maji yalipofika kutoka chemchemi, Guidon alikuwa amekwisha kuondoka naye, na kule hospitali walilazimika kwanza kuondoa mafuta.

Dokta aliweka kikombe chake chini.

— Ilikuwa chafu, alisema. Mama Aurélie, ile maji ilikuwa chafu.

— Ilikuwa chafu, alisema Léocadie.

— Weye uliona.

— Niliona, Antoine. Niliona pia nani alikuwa anaita maji.

Alisema hayo polepole, na hakuwa na hasira. Alishangaa mwenyewe kwamba hana. Aliitafuta ile hasira aliyoilisha mwezi mzima, akakuta tu uchovu. Mwanamke wa Wamaza alikuwa amesimama nusu, hajui kama amekosa. Léocadie alimwekea mkono begani, akamkalisha.

— Mutoto mumoja tu hapa alijua inatakiwa nini, aliwaambia wale watatu. Alikuwa anaita, na siye tulikuwa tunamujibu na vitu vingine. Sasa mumemufanya muuaji. Radio, weye na mudomo yako. Na miye niliwamiminia kahawa na nikanyamaza.

Radio aliangalia lango, kisha barabara. Kutoka upande wa soko ilisikika pikipiki inapandisha, inapunguza, inapandisha tena, kama mtu anayebeba kitu cha kuvunjika. Vijana walitoka ukutani.

Léocadie aliondoka nyuma ya mbabula. Hakukimbia. Alitembea katikati ya barabara huku anafuta mikono kwenye kitenge chake, akapita kati ya vijana, na aliyekuwa na jiwe akalirudisha nyuma ya mgongo kwa aibu ya kuona mama. Pikipiki ilisimama. Dereva hakuzima. Aurélie alikuwa katikati, amevaa kofia ya majani na miwani nyeusi, amekonda shingo, mikono yake imeshika koti la dereva. Nyuma yake Fidèle, ambaye ndevu zilikuwa zimemwota bila mpango, aliwaangalia vijana mmoja mmoja. Aliwafundisha wengi wao. Alijua wamekuja kufanya nini.

Hakushuka mbio, wala hakusema kitu. Alishuka kwanza yeye, akampa Aurélie mkono, akamwambia chini kidogo, hapo, mguu wa kushoto. Kisha akangoja.

Léocadie alimfikia yeye kwanza, kabla ya mtoto wake. Alimshika mikono yote miwili, mbele ya macho ya soko zima, akaiinua mpaka kwenye kifua chake.

— Aksanti, mwanangu, alisema kwa sauti ya kusikika. Umenirudishia mutoto.

— Mama, sikumurudisha vile alikuwa.

— Umemurudisha.

Ndipo akageuka, akamkumbatia Aurélie. Kofia ikaanguka. Alinusa nywele zake, zilikuwa na harufu ya barabara na ya sabuni ya hospitali. Jiwe lilidondoka mahali fulani kwenye majani. Wale vijana walianza kuondoka bila kuagana, kila mmoja na njia yake, kama watu waliokumbuka kazi nyumbani.

Walipofika kwenye ubao, wanaume walikuwa wamesimama wote. Aurélie aligeuza uso wake huku na huku, akitafuta kwa masikio.

— Nani iko hapa?

Ni swali dogo, swali la mtu yeyote anayeingia nyumbani kwao. Lakini wanaume wale watatu, ambao mwaka mzima hawakuwahi kukosa jibu, walitazamana, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mwishowe Dokta alisogea.

— Ni miye. Antoine.

— Papa Antoine. Hujambo?

— Aurélie, mwanangu, ile siku, ile beseni…

— Ninajua, papa. Nilisikia yote. Nilikuwa nimefunga macho, si masikio.

Hakusema nimekusamehe. Wala hakusema sikukusamehe. Alipapasa ubao kwa mkono, akakaa. Dokta alibaki amesimama mbele yake kama mwanafunzi, machozi yanamtiririka na hayafuti.

Radio alikuwa na swali lake, na hakuweza kulishika.

— Mwalimu, sema weye mwenyewe. Ilikuwa nini? Nani aliweka?

— Hakuna aliyeweka, papa Atumani. Aurélie alikuwa anaongea kwa upole uleule wa darasani. Ile chupa ilikuja kwenye karito, maboksi ya msaada, tukafurahi. Tukaifungia kwenye labo likizo yote ya Pasaka, madirisha imefungwa, bati juu, jua kila siku. Amoniake ni hewa iliyolazwa ndani ya maji. Ukiipasha joto, ile hewa inaamka, inasukuma kizibo. Ilitakiwa kukaa kwenye baridi, kivulini. Ilitakiwa nifungulie dirishani, nitie kitambaa kibichi juu ya kizibo, niweke uso mbali, nivae miwani. Miwani tunayo moja, imepasuka. Ilitakiwa ndoo ya maji iwe karibu yangu kabla sijagusa chochote.

Aligusa miwani yake.

— Niliinama nisome jina, kwa sababu vumbi lilifunika. Niliinama sana.

— Na ilikuwa ya kazi gani? aliuliza Julienne, ambaye sasa hakukumbuka tairi lake.

— Watoto walikuwa wameleta maua mekundu, yale ya uwani. Tumeyachemsha, maji imekuwa mekundu. Unatia tone moja tu ya ile kitu, yanageuka kijani. Wanapenda sana. Nilitaka waone.

Guidon alijikuna shingo. Alisema kwamba, kwa kweli, kuna jambo la kumwambia. Chupa nyingine za karito bado zimo mle labo. Hakuna anayetaka kuingia. Walikuwa wamekubaliana, wao hapo kijiweni pamoja na wazazi fulani, kwamba kesho wazichukue kwa pikipiki wakazitupe mtoni Lualaba.

— Hapana! Aurélie alinyoosha mkono mbele, kama anayezuia mtu barabarani. Hapana, papa. Kule kuna samaki, kuna watu wanachota na kuoga. Na ukibeba chupa ile kwenye pikipiki, kwenye mashimo yetu, ikipasuka mgongoni mwako? Musizifungue, musizinuse, musizibebe kwenye jua. Fidèle anajua. Fungueni madirisha yote kwanza, mukae nje mpaka harufu ipungue. Halafu mutu mumoja mumoja, chupa moja moja, imesimama, ndani ya sanduku la mchanga, chini kwenye stoo ile ya mawe, kule kuna baridi. Na Javel ya kufulia isikae karibu nayo. Zikichanganyika zinatoa hewa nyingine ya kuumiza mapafu.

— Na maji, alisema Fidèle. Ilikuwa mara yake ya kwanza siku hiyo kusema na wanaume wale. Bila maji pale mlangoni sifungui hata dirisha.

Alitegemea labda kwamba watabishana. Radio alikuwa amekwisha kuchukua bidoni ya Léocadie. Guidon alikwenda kwa wenzake wa pikipiki, akarudi na bidoni za njano zimening'inia mabegani. Dokta alijifuta uso kwa mkono wa shati, akaliacha sanduku lake la kioo juu ya ubao, wazi, vidonge vyote ndani, bila kumwomba mtu amwangalizie, akawafuata. Walishuka chemchemi kwa mstari, hawaongei. Walipopanda tena, walikuwa wamelowa migongo na wanahema. Fidèle aliwangoja langoni. Radio alipomfikia alisimama, akaweka bidoni chini.

— Mwalimu. Kwenye mulango wa mama yako, ile makaa. Haikuandikwa na miye.

— Najua.

— Lakini ni neno langu.

Fidèle aliinua ile bidoni, akamrudishia mkononi.

— Basi ukimaliza hapa, chukua maji nyingine, alisema, uende kuosha.

Radio akaitika. Waliingia.

Dereva wa Julienne alipiga honi ng'ambo, tairi limekwisha kuzibwa. Mwanamke huyo aliaga kwa kushika mkono wa Aurélie, akaukawiza ndani ya mikono yake, akasema Mungu akubariki mwalimu, akavuka barabara na hakugeuka, kwa sababu alikuwa analia.

Ubaoni wakabaki mama na mtoto. Wanawake wa hapo hawakai kwenye ubao ule. Léocadie mwenyewe, miaka yote, alikuwa na kigoda chake nyuma ya mbabula. Sasa alikaa karibu na Aurélie, bega kwa bega. Ndani ya lise walisikia madirisha ya labo yanagoma, kisha yanaachia, moja baada ya jingine.

— Wanafungua, alisema Aurélie.

— Ee. Wanafungua.

— Mama, bado iko kahawa?

— Iko ya chini. Imepoa. Nikuwekee?

— Hapana. Nipe miye birika.

Léocadie alisita. Kisha akalileta, akamwekea mpini mkononi, na kikombe kwenye mkono mwingine. Aurélie alikitia kidole cha shahada ndani ya ukingo, kama walivyomfundisha kule Bukavu, ili ajue kinapojaa. Akainamisha birika. Mdomo wa birika ulitafuta, ukapita pembeni, kahawa ikammwagikia gotini. Mkono wa Léocadie uliinuka wenyewe kwenda kumshikia, ukafika karibu kabisa na ule mkono wa mtoto wake, ukasimama hewani, akaurudisha mapajani na kuukamata kwa mkono mwingine ili ukae.

Aurélie alijaribu tena. Safari hii ilianguka ndani. Ilijaa polepole mpaka ikagusa kidole, na birika likabaki jepesi, halina kitu.

— Imeisha, alisema. Alinyoosha kikombe mbele yake, kidogo kushoto kuliko pale mama yake alipokuwa. Kunywa, mama.

Tangu aanze kuuza kahawa pale, hakuna mtu aliyewahi kumpa kikombe. Léocadie alisogea kushoto, mpaka akawa pale mkono ulipokuwa unamtafuta, akakipokea.